Marseille Si Mbali

Berea, Johannesburg
9 Februari 2025

Pacifique,

Nimesikia Sagesse anaolewa. Nimesikia nikiwa salon kwa Murielle, kichwa kimo ndani ya beseni, sabuni inaniingia masikioni. Mjukuu wangu, binti yako wewe, anaolewa huko Bruxelles, na mimi bibi yake napashwa habari na msusi. Sawa. Hilo tutalirudia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu una ugonjwa wa network. Nikianza kusema neno la maana, network inakatika. Nikianza kukuombea baraka, inapona. Karatasi haina network. Murielle ataipiga picha akutumie, na vile vialama viwili vya buluu vya kuonyesha umesoma nitaviona. Nilifika darasa la tatu tu kwa masista, lakini kuandika najua, na kukasirika najua zaidi.

Sasa sikiliza. Kuna mwanamke Mkenya, Apondi, mtu wa benki, huja Hillbrow kununua ndagala kwenye meza yangu. Yeye anaziita omena, mimi namwambia ziite jina lake au uziache. Juzi amekuja akasema alikuwa Ulaya kikazi, Bruxelles kisha Marseille. Nikampa pole. Nikamwambia, pole mwanangu, safari ya siku mbili si mchezo. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akivuka kwenye robot, zile taa za barabarani.

"Siku mbili gani, mama? Ni saa moja na dakika arobaini. Nilikunywa chai Bruxelles, nikashuka Marseille njaa haijanishika."

Nikamwambia asinichezee, mimi si rika lake. Akatoa simu. Kilomita mia nane na kitu. Akasema kutoka hapa Joburg kwenda Cape Town ni mbali kuliko hapo. Cape Town, Pacifique. Watu wanakwenda Cape Town harusini Jumamosi na Jumatatu wako kazini.

Wakati dada yako Jeannine anakufa hospitalini Marseille, mimi nilikuwa na makaratasi yangu haya ya mkimbizi yasiyopanda ndege. Nilikuomba wewe. Nilikuambia nenda kwa niaba yangu, ukamshike mkono. Ukaniambia, "Mama, Ulaya ni kubwa. Bruxelles na Marseille ni siku mbili, kubadilisha ndege mara tatu." Nikakuamini. Wamama wa kanisa waliponiuliza mbona kaka mtu hakwenda hata kuzika, nikawafokea. Nikasema nyinyi hamjui Ulaya.

Nataka jibu. Na hiyo harusi isisogee kabla sijalipata. Mimi bado navaa nyeusi, kama umesahau.

Mama yako,
Marcelline

---

Bruxelles
20 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe sana. Barua yako imefika na nimeisoma kwa magoti. Unisamehe habari ya Sagesse kukufikia kwa njia hiyo. Nilitaka nikuambie mambo yakishakaa vizuri.

Kuhusu yale mengine. Mama, yule dada wa benki amesema ukweli, ila hakuumaliza. Ndege ikiwa angani ni saa moja na dakika arobaini, ndiyo. Lakini amekuhesabia kwenda uwanjani? Amekuhesabia foleni ya kukaguliwa, kuvua viatu na mkanda, kusubiri mlangoni? Uwanja wa Marseille wenyewe haumo mjini, unatafuta basi. Siku nzima imekwisha. Na kurudi ni siku nyingine. Hizo si siku mbili? Sikukudanganya, mama, nilikufupishia. Na wakati ule kanisa langu lilikuwa changa, kondoo wangu walinihitaji kila siku. Jeannine mwenyewe alijua ninavyompenda.

Tuache wafu wapumzike, tuwahudumie walio hai. Nina ombi. Glody, kijana anayemwoa Sagesse, ni mtoto wa watu wa kwetu Walungu kabisa, na babu yake, mzee André, anashika mila kuliko walioko nyumbani. Amesema hatazungumza mahari na mtu mpaka asikie sauti ya mama aliye mkubwa wa nyumba ikimtaja mwanamume atakayekuwa kinywa cha nyumba, yule wa kupokea wakwe na kuwajibu. Sote tunajua ni mimi. Lakini mzee anataka asikie kutoka kwako, na wewe unajua: neno la mama likishasikika mbele ya wakwe, halirudi.

Kwa hiyo naomba Murielle akurekodi kwenye simu, maneno machache tu. Tutakutana na wakwe tarehe 5 Aprili ukumbini kwetu kanisani. Nitaiweka kwenye spika kubwa, wazee wote wa kanisa watakuwepo. Itakuwa heshima kwako, mama.

Mwanao,
Mchungaji Pacifique

---

Berea, Johannesburg
2 Machi 2025

Suhaib,

Mimi ni mama yake Jeannine. Tumesalimiana kwenye simu mara tatu, na moja ya hizo nilikukatia. Sikuficha kwamba sikutaka binti yangu aolewe na Mwislamu, tena Mngazija ambaye sijui hata nyumba yao ina paa la nini. Halafu nikawa naenda Fordsburg kununua vitenge vya biashara, nikaona watu wa dini yako wakinipimia vizuri na kunipa kiti, nikanyamaza. Kunyamaza si kuomba radhi. Lakini wewe ndiye uliyemzika mtoto wangu, kwa hiyo kaa ukijua nakuandikia kwa heshima.

Nina swali moja. Jibu kama ungelijibu mbele ya kaburi lake. Wakati Jeannine yuko hospitali, Pacifique alijua hali yake? Alisema nini?

Usinipake mafuta. Nina umri wa miaka sabini na moja, nimevuka mipaka minne kwa miguu na kwa malori. Sitaanguka kwa sababu ya barua.

Marcelline

---

Marseille
11 Machi 2025

Mama mkwe wangu, shikamoo,

Kiswahili changu ni cha Moroni, na miaka mingi nimesema Kifaransa tu. Unisamehe nikiteleza.

Uliniuliza, na umeniapisha kwa kaburi. Ningekuwa na njia nyingine ningeipita.

Pacifique alijua. Nilimpigia mimi mwenyewe Septemba 2022, madaktari waliposema kansa imeshafika kwenye ini. Aliniambia ataomba. Oktoba mwaka ule alikuja Marseille. Si kwetu. Alikuja kuhubiri mkutano wa siku tatu, kwenye ukumbi wa kukodi. Kutoka hospitali unakwenda hapo kwa miguu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa Mkongomani, dada zake walihudhuria, ndio waliomwambia Jeannine.

Mama, alifurahi. Aliniambia nimletee lile gauni la kijani na kilemba chake. Akamwomba dada wa kitanda cha pili amsuke, nywele zilizobaki zilikuwa chache, lakini zikasukwa. Kila siku saa ya kutazama wagonjwa ikifika anakaa kwenye kiti, si kitandani. Alisema kaka akimkuta amelala ataogopa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikampigia Pacifique, simu ikaita bila kupokelewa. Nikaenda ukumbini, wakaniambia mchungaji ameshaelekea uwanja wa ndege.

Nilirudi hospitali. Jeannine akaniangalia tu, akaelewa. Akavua kilemba mwenyewe. Akasema, "Mama akikuuliza, mwache aamini kwamba ni mbali."

Ndiyo sababu nilinyamaza. Nilitunza neno lake, na leo nimelivunja. Naomba usiongeze moto. Mimi nimeshamwachia Mungu.

Mkweo,
Suhaib

---

Berea, Johannesburg
23 Machi 2025

Mwanangu Pacifique,

Barua yako ilifika. Nimekuelewa kuhusu foleni za uwanja wa ndege na kuvua mkanda.

Murielle amenirekodi. Alifunga mlango wa salon, akanyamazisha mashine za kukaushia nywele, na wateja wakakaa kimya kama kanisani. Nimesema vizuri, sauti haikutetemeka. Amekutumia.

Usiisikilize kabla ya siku. Neno la mama kwa wakwe halionjwi jikoni. Liweke kwenye spika kubwa kama ulivyosema, na mzee André akae karibu, wazee wana masikio mazito. Na wazee wa kanisa lako wawepo wote, kama ulivyoniahidi.

Mama yako,
Marcelline

---

Bruxelles
7 Aprili 2025

Mama,

Sijui nianzie wapi. Sijalala toka juzi.

Nilikutii. Sikuisikiliza. Nilisimama mbele ya watu mia moja na zaidi, nikasema, "Sasa tutamsikia mama yangu mzazi kutoka Afrika Kusini." Wakapiga makofi. Nikabonyeza.

Na wewe ukasema. Wale watu wote wakasikia sauti yako inasema: "Mimi Marcelline, mama wa nyumba hii. Kinywa cha nyumba yangu ni Suhaib, mume wa marehemu binti yangu Jeannine. Yuko Marseille. Ni saa moja na dakika arobaini kwa ndege, mwanangu Pacifique anaijua njia, aliwahi kwenda kuhubiri. Wakwe, mahari ipelekeni huko."

Mzee André alivua kofia. Akasema, "Mama amesema, tumesikia." Wakwe wakakunja vitenge vyao, wakavirudisha ndani ya masanduku mbele ya macho yangu, kreti za soda hazijafunguliwa. Mke wangu alibaki na sahani mkononi. Wazee wa kanisa walinitazama, mama. Mmoja ameniuliza: dada yako alikufa lini? Kwa sababu mimi niliwaambia sina dada tena.

Umenivua nguo. Mchungaji, baba wa binti, mzaliwa wa kwanza, halafu mahari ya mtoto wangu inapokelewa na Mwislamu? Watanicheka mpaka Antwerp.

Nitasema ukweli sasa, kwa kuwa ndio ulioutaka. Jeannine alipoolewa na mtu yule, nilisimama madhabahuni nikasema nimemkata, ili kondoo waone mchungaji haoni haya kuhukumu nyumba yake mwenyewe. Waliniheshimu kwa ajili ya neno lile. Kule Marseille nilikuwa kwenye gari na wazee wangu wawili. Tulipita mbele ya hospitali, mara mbili kwa siku. Ningewaambiaje simamisheni? Kila nilipopita nilisema kesho. Kesho nitatoka peke yangu. Halafu mkutano ukaisha.

Tuma ujumbe mwingine. Sema ulikuwa mgonjwa, sema ulichanganyikiwa. Sagesse hasemi nami. Wakwe wameshaanza kuuliza tiketi za Marseille. Nakuomba kama mwanao.

Pacifique

---

Berea, Johannesburg
15 Aprili 2025

Pacifique,

Sikuwa mgonjwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikunywa uji asubuhi ile, nikavaa viatu vya kanisani, nikashuka ngazi ghorofa saba kwa sababu lifti ya jengo hili ilikufa kabla ya Korona. Mtu aliyechanganyikiwa hashuki ngazi zile.

Umesema nimekuvua nguo. Mwenzako alivaa. Alivaa gauni la kijani akasukwa nywele, akakaa kwenye kiti siku tatu akikungoja, kusudi usiogope kumwona kitandani. Hukujua hilo? Basi sasa unajua, na ulale nalo.

Tena ulipita pale mara mbili kwa siku. Hilo Suhaib hakuniambia, umeniambia mwenyewe. Nilidhani uongo wako ni wa kilomita mia nane. Kumbe ni wa kuvuka barabara.

Kondoo, kondoo. Mimi nilichunga mbuzi wa baba yangu nikiwa na miaka saba na sikuwahi kumtupa mmoja ili wengine wanipigie makofi. Wazee wako wakicheka, wacheke. Eish, hata mimi nimecheka, nilipofika kwenye kreti za soda.

Haya ndiyo utakayofanya. Utapanda ndege pamoja na wakwe, na mkeo, na Sagesse. Utavua viatu na mkanda, utapanga foleni, yote yale uliyonihesabia. Ukifika Marseille utaanzia makaburini. Mimi kilio cha mtoto wangu hakijafungwa mpaka leo kwa sababu kaka yake hakumtupia udongo. Utautupa. Kisha mtakwenda nyumbani kwa Suhaib, naye atakaa kwenye kiti cha kinywa cha nyumba, wewe utakaa upande wa wageni.

Na unajua desturi, mgeni akishakaa huulizwa njia. Ametoka wapi, njia ilikuwaje, ilimchukua muda gani. Nimemwandikia Suhaib: wa kwanza kuulizwa uwe wewe, mbele ya wote. Utajibu kwa mdomo wako. Ukikataa kwenda, Sagesse hana baraka yangu, na mzee André hatampokea binti asiye na baraka ya bibi. Hapo utamweleza mtoto wako ni kwa nini.

Marcelline

---

Marseille
12 Mei 2025

Mama mkwe, shikamoo,

Walikuja juzi Jumamosi. Naandika ili usikie kutoka kwangu kwanza, maana najua hutapenda yote.

Makaburini Pacifique alitupa udongo. Hakuomba kwa sauti. Mzee André alitaka kumsaidia, Pacifique akakataa. Suruali yake ya suti ilichafuka magotini, hakuipangusa.

Nyumbani wakwe wakaingia, dada zangu wakapika wali na kuku wa nazi. Nikakaa kwenye kile kiti, kwa sababu uliniagiza. Kisha nikamtazama Pacifique pale mlangoni upande wa wageni, na mama, sikuweza kumuuliza. Nikasema tu, "Karibuni, poleni na safari." Nikainuka nikamwambia, "Kaka, njoo ukae hapa, binti ni wako." Najua uliniweka pale ili nimchome. Jeannine hakutaka. Angekuwa hai angemwachia kiti na sahani ya kwanza.

Hakuja. Alibaki amesimama.

Basi mzee André, ambaye hakujua lolote kuhusu swali lile, akashika desturi mwenyewe. Akageuka akasema, "Na wewe, baba wa binti, mbona huulizwi njia? Ulisafirije? Ni mbali?"

Pacifique alifungua mdomo. Sagesse alikuwa amekaa mkekani, amefunikwa kitenge kama bibi harusi, na bibi harusi siku ile hasemi. Akaufunua uso. Akasema, "Si mbali, babu. Ni saa moja na dakika arobaini. Baba amechukua karibu miaka mitatu."

Mkewe Pacifique aliinua kitenge, akamfunika Sagesse tena. Mahari nikaipokea mimi, kwa jina la nyumba yako, na harusi itakuwa Julai.

Wengine walipoondoka jioni Pacifique alirudi makaburini peke yake. Mlinzi alinipigia akisema anataka kufunga geti na kuna mtu hataki kutoka. Nilikwenda kumchukua. Alilala kwangu, kwenye kochi. Asubuhi alikunywa chai, akaniomba msamaha, nikampa.

Mama, vua nyeusi sasa. Imetosha.

Mkweo,
Suhaib

---

Berea, Johannesburg
25 Mei 2025

Pacifique,

Suhaib ameniandikia. Yeye ana moyo wa mkate, unamegwa na kila anayepita. Nimemgombeza, na nikamshukuru kwenye karatasi ileile. Amekusamehe, hiyo ni mali yake, agawe anavyotaka. Mimi sikumtuma anigawie ya kwangu.

Umeniandikia kurasa nne. Nimezisoma zote, hata palipolowa. Unasema utafunga kanisa, utafungua kanisa, utakuja Joburg upige magoti Berea. Makanisa yako fanya unavyojua. Magoti niliyahitaji kwenye kitanda cha hospitali, hapa Berea yatanizibia mlango tu.

Nyeusi nimevua. Jumapili nilikwenda kanisani na kitenge cha njano, wamama wakapiga vigelegele. Kilio cha Jeannine kimefungwa. Nimevua kwa ajili yake. Sagesse nimempa baraka yangu yote kwenye simu, alilia, nikamwambia ukilia hivyo siku ya harusi utaharibu poda. Yule mtoto ana mdomo wangu. Muoaji akae macho.

Sasa lako wewe. Nimesimama mbele ya wamama wa kanisa, Murielle akiwepo, na nimemwambia padri aandike. Siku nikifa, atakayenitupia udongo wa kwanza ni Suhaib. Nimemuuliza, amekubali, pasipoti yake inapanda ndege yoyote. Mzaliwa wa kwanza ni wewe, udongo ule ulikuwa wako tangu nilipokuzaa kwetu Walungu mvua inanyesha. Nimeutoa. Wamama wote wamesikia, na neno la mama unajua wewe mwenyewe kama linarudi.

Njoo ukitaka. Sikukatazi. Watakuonyesha benchi la wageni, ukae, uimbe na wengine. Chakula utapewa.

Marcelline,
mama yake Jeannine